Ndege Iliyosubiri Hotuba

Ninyi mnaoishi katika nchi zenye bahati ndogo, ambako wakubwa hukosea, huenda msiamini haya. Sisi wa Usitawi tuliyaona kwa macho yetu, na baadaye tukaelezwa rasmi kwamba hatukuyaona. Nayasimulia kama yalivyotokea, kwa heshima zote kwa Serikali.

Kikosi cha Saba cha Mafunzo ya Ndege za Jeti kilianzishwa mara tu Mtukufu Rais aliporudi kutoka ziara ya nchi rafiki. Huko alionyeshwa ndege zikipita juu ya wageni huku zikiacha moshi wa rangi, na alipofika nyumbani aliliambia Baraza la Mawaziri kwamba taifa lisilo na moshi wa rangi linajidanganya likijiita taifa. Kikosi kikaitwa cha Saba ingawa hakukuwa na cha kwanza wala cha sita. Hilo lilifanywa kwa makusudi, ili adui apoteze muda akiwatafuta wale wengine.

Ndege zilikuja zimefungwa kwenye masanduku, pamoja na wakufunzi wa kigeni waliolalamika sana kuhusu joto lakini waliijua kazi yao. Miaka ile ya mwanzo vijana wetu waliruka kweli. Mmoja wao alikuwa Sikudhani Mwaluko, binti wa fundi cherehani, msichana mwembamba asiye na maneno mengi. Wakufunzi walipotaka kuwaonyesha wengine jinsi ya kutua penye upepo wa ubavuni, walimwita yeye kwanza.

Kisha mkataba ukaisha, wageni wakaondoka, na vipuri vikakoma kuja. Jeshi halikukata tamaa. Ndege iliyoharibika ilivuliwa vyuma ili kuiponya nyingine, na ile nyingine ikavuliwa kuiponya ya tatu, mpaka ikabaki moja tu inayoruka. Zilizobaki zilisimama bandani na kupakwa rangi mpya kila mwaka. Kwa kuwa Wizara ilizihesabu ndege kwa kutazama rangi, nguvu yetu ya anga haikupungua hata kidogo.

Mafunzo nayo hayakusimama. Wanafunzi waliketi wawili wawili kwenye viti vya mbao, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakanguruma kwa midomo huku wakiinama kulia na kushoto. Aliyenguruma vizuri alipandishwa darasa. Wakati huo Sikudhani alikwisha kuwa Meja na mkufunzi mkuu, na ndiye peke yake aliyeirusha ile ndege moja, mara chache, mafuta yalipopatikana. Alikuwa amepeleka maombi wizarani wanafunzi wafundishwe angani. Alijibiwa kwamba angani hakuna paa na wanafunzi wangenyeshewa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Zamani rubani mmoja alishika moto angani, akavuta mpini, na kiti chake cha dharura kikamfyatua nje, akashuka salama kwa mwavuli. Baraza la Ulinzi lilikaa na kuamua kwamba yule alikuwa ametoroka kazini. Kuanzia hapo baruti iliyokuwa chini ya viti iliondolewa, ili kila rubani awe anarudi na ndege yake.

*

Jubilei ya kikosi ilipokaribia, Mtukufu alitangaza kwamba itaadhimishwa kitaifa na kwamba mwanawe, Luteni Kheri, ataruka mbele ya wananchi. Kheri alikuwa kijana wa adabu na mwenye haya, aliyejiunga na kikosi kwa sababu baba yake alimwambia ajiunge. Alikuwa amehitimu wa kwanza katika darasa lake, kwa kuwa yule wa pili alikuwa na akili ya kutosha kukubali kuwa wa pili.

Uwanja wa Taifa usingetumika. Ulikuwa umezinduliwa mara kadhaa, lakini ujenzi ulikuwa haujaanza. Kwa hiyo sherehe ililetwa kambini, na ikaamuliwa kwamba viti vya wageni vipangwe juu ya njia ya kurukia ndege, maana hiyo ndiyo lami pekee nchini isiyo na mashimo.

Jenerali Ngwandumi, Mkuu wa Anga, alimwita Meja Sikudhani ofisini kwake. Ofisi hiyo ilikuwa ghorofa ya chini kabisa, kwa sababu Jenerali alikuwa haelewani na urefu.

"Utakaa kiti cha nyuma," alisema. "Luteni atakaa mbele, aonekane."

"Sawa, afande. Na tutatua wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa patakuwa na watu, afande."

Jenerali alimweleza kwa subira, kama mtu anayeeleza rangi za bendera. Ndege ikisharuka, trekta litavuta tela lenye jukwaa hadi katikati ya njia. Wageni wataketi. Mtukufu atasema maneno machache. Ndege itapita juu, Luteni atasoma salamu zake kwa redio, na salamu zitasikika kwenye vipaza sauti. Baada ya hapo viti vitaondolewa na ndege itatua.

"Na Mtukufu akirefusha?"

Jenerali aliutazama mlango. "Meja, kuna swali hapo ambalo sikulisikia."

"Basi tukikwama twende uwanja wa ndege wa mjini."

"Umefungwa siku hiyo. Tumepanga malori juu ya njia yake yote. Hatutaki ndege ya mtu mwingine ipite tuonekane tunashindana."

"Fundi ameniambia nusu ya mafuta yametolewa kwenye tangi."

"Yamekwenda kwenye jenereta ya vipaza sauti. Wananchi wana haki ya kusikia."

Jenerali akafungua faili na kulifunga.

"Nikikataa, afande?"

"Atapanda Kapteni Lwiza. Ni mtiifu sana."

Kapteni Lwiza alikuwa hajawahi kukaa ndani ya ndege ambayo injini yake inawaka, ingawa hakuna aliyenguruma kama yeye. Sikudhani alifikiri jinsi Lwiza angemshusha yule kijana chini, na ni juu ya paa la nani. Akapiga saluti.

"Nitapanda mimi," alisema.

*

Siku ya sherehe ndege iliruka vizuri, na sisi tuliokuwa tumesimama kando ya lami tulipiga vigelegele mpaka masikio yakauma. Trekta likaleta jukwaa. Viti vikapangwa nyuma na mbele yake, wakubwa safu za mbele chini ya turubai, wananchi nyuma juani. Mtukufu akapanda, akashika kipaza sauti, akasema ana maneno machache tu. Wale wa safu ya kwanza, waliomfahamu, walivua viatu taratibu chini ya viti.

Alianza na kuzaliwa kwake. Kutoka hapo akaja kwenye shule aliyosoma na jinsi alivyowashinda wenzake kwa hisabati, akaingia kwenye ukombozi, na jua lilipokwisha kupanda vizuri alikuwa ndiyo kwanza ameufikia mwaka wa kwanza wa utawala wake. Juu yetu, mbali kidogo upande wa milima, ile ndege ilikuwa inazunguka polepole.

Ndani ya ndege Meja Sikudhani alikuwa ameshapunguza moto wa injini kadiri ilivyowezekana bila kuanguka.

"Luteni," alisema, "unaona nini mbele yako?"

"Saa nyingi, afande."

"Ile ya chini kushoto, yenye mshale mwekundu, ni ya mafuta. Uwe unanitajia inavyosoma."

"Kwani huko nyuma huna?"

"Ninayo. Nataka uwe na kazi."

Kheri akawa anamtajia. Mshale ulikuwa unashuka, si haraka, lakini kila alipoutazama ulikuwa umeshuka. Baada ya kuutaja mara kadhaa sauti yake ilibadilika.

"Afande, kuna kitu nataka kusema kabla hatujafika mbali. Mimi sijawahi kurusha ndege."

"Najua. Ni mimi niliyekufundisha."

"Hukuniripoti."

"Niliripoti. Jibu lililokuja ni cheti chako, kimeshatiwa saini."

Wakazunguka tena. Kheri aliinamisha shingo akatazama chini. Upande mmoja kulikuwa na korongo lenye mawe makubwa, upande wa pili mabati ya nyumba yakimetameta hadi mtoni.

"Tukiishiwa kabisa, si tunavuta huu mpini?"

"Viti havifyatuki. Baruti iliondolewa."

"Hata changu?"

"Hata chako."

"Baba anajua?"

"Ndiye aliyeamuru."

*

Aliyekuwa kwenye mnara wa kuongozea ndege siku ile ni Kapteni Deusi Kamanzi, mtu wa makamo aliyefundishwa na Sikudhani zamani, enzi ambazo mafunzo yalikuwa bado ya angani. Alikuwa anawasikia wote wawili kwa redio, na dirishani kwake alikuwa anaona turubai, jukwaa na bahari ya vichwa. Alipiga simu kwa Jenerali Ngwandumi, aliyekuwa ameketi safu ya kwanza. Jenerali aliipokea akiwa ameinama kama anayefunga kamba za viatu alivyokwisha kuvivua.

"Afande, ndege inaishiwa mafuta. Inabidi watu waondoke kwenye njia."

"Mtukufu yuko kwenye pamba," Jenerali alinong'ona.

"Baada ya pamba kuna nini?"

"Samaki. Kisha barabara. Kisha maadui wa ndani na wa nje."

"Hawatafika kwenye maadui, afande. Hawatafika hata kwenye barabara."

"Mwambie apunguze mwendo."

"Akipunguza zaidi ataanguka. Na aliyekaa mbele ni mtoto wa Mtukufu mwenyewe."

Kamanzi alisikia kupitia simu ile ile sauti ya Rais ikitaja marobota ya pamba.

"Kapteni," Jenerali alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake. "Mtu akimkatiza Mtukufu, huyo mtu anajulikana jina. Ndege ikianguka ni ajali. Ajali haina mwenyewe."

Simu ikakatika.

Kamanzi alibaki ameishika. Mezani pake palikuwa na swichi waliyoifunga mafundi siku iliyotangulia. Ukiibonyeza, sauti ya redio ya ndege inaingia moja kwa moja kwenye vipaza sauti, na ya jukwaani inasikika ndani ya ndege. Alikuwa ameamriwa aibonyeze mwisho wa hotuba, ili Luteni asome salamu. Aliiwekea kidole juu, kisha akakiondoa. Alikuwa na mke na mama mgonjwa, na alijua jengo wanakopelekwa wanaomkatiza Mtukufu. Halikuwa na madirisha.

"Meja," alisema kwa redio, "Jenerali amekataa. Lakini hapa nina swichi ya vipaza sauti. Nikiibonyeza, mtasikika na watu wote."

Kulikuwa na mkwaruzo tu wa redio, kisha sauti ya Sikudhani. "Unajua watakachokufanya."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

"Siwezi kukuamuru, Deusi. Ningekuwa huko chini ningeweza. Nikiwa huku juu nitakuwa najiombea mwenyewe."

Mshale mwekundu ulikuwa umegusa mstari wa mwisho. Ndipo Kheri, ambaye katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumpa mtu amri, aliposema, "Kapteni, bonyeza. Nitasema mimi. Anayenijibu mimi ni baba yangu, si Rais."

Kamanzi akabonyeza.

*

"Na katika mwaka ule wa pamba," Mtukufu alikuwa anasema, "ni mimi mwenyewe niliyekwenda mashambani, nikainama, nikachuma..."

"Baba," vipaza sauti vikasema.

Mtukufu akatazama kulia na kushoto. Hakuna aliyekuwa karibu naye isipokuwa mlinzi, na mlinzi aligeuka kijivu.

"Baba, ni mimi Kheri. Mafuta yameisha. Tunaomba muondoke hapo kwenye njia tutue."

Nimehudhuria sherehe nyingi za taifa letu, lakini kimya kama kile sijakisikia. Hata jenereta ilionekana kupunguza sauti. Mtukufu aliinua macho akaiona ndege, ndogo, ikiwa imeinamia upande mmoja juu ya korongo. Kisha akayarudisha kwenye karatasi zake, akafunua hadi mwisho, akazirudisha.

"Mwanangu," alisema kwa upole wa mzazi, "salamu zako ziko ukurasa wa mwisho. Subiri zamu yako."

"Baba, hatutafika ukurasa wa mwisho."

Jenerali Ngwandumi alianza kupiga makofi. Alikuwa ameishi na makofi miaka mingi na alikuwa hajakutana na jambo ambalo hayakulimaliza. Wakubwa wote wakamfuata, turubai likatikisika kwa makofi, na Mtukufu akainua mkono kushukuru, akatafuta mstari alipoishia.

Lakini huku nyuma, juani, mwanamke mmoja aliinuka. Sikumfahamu na sijapata kumjua hadi leo. Alikikunja kiti chake, akakiweka kichwani, akatembea hadi kwenye majani kando ya lami. Hakukimbia wala kusema neno. Jirani yake akainuka. Kisha safu nzima, kisha safu ya mbele yao. Askari waliopangwa kando walitazamana. Walikuwa wameamriwa wasimruhusu mtu yeyote kuingia kwenye njia ya ndege. Kuhusu kutoka hawakuambiwa kitu. Wakapisha.

Vipaza sauti vilikuwa bado vimeunganishwa, kwa hiyo tuliyasikia yote yaliyosemwa angani.

"Wanatoka, afande," Kheri alisema. "Wa nyuma wanatoka. Tushuke?"

"Bado kuna watu katikati. Siwezi kutua juu ya watu."

"Mshale umesimama. Umefika chini kabisa."

"Nimeuona. Tutazunguka mara moja nyingine, watoke."

Sisi tuliokuwa katikati tulipoyasikia hayo, hatukutembea tena. Tulikimbia. Wazee walishikwa makwapani, watoto wakabebwa, viti vikaangushwa ovyo. Ndege ilizunguka kama alivyosema, ikaja ikajipanga mwisho wa njia, taa yake ya mbele ikiwaka mchana kweupe, ikishuka. Hapo wakubwa nao wakaacha makofi. Waliondoka chini ya turubai wakiwa na soksi tu, Jenerali akiwa mbele yao, na katika hilo kwa kweli alionyesha uongozi.

Jukwaa likabaki. Mtukufu alikuwa juu yake, peke yake, ameshika karatasi kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia ashuke mahali popote, hakushuka. Dereva wa trekta, Chilumba, alikuwa bado kwenye usukani. Aligeuka akaitazama ndege, akamtazama Mtukufu, akangoja kidogo aone kama kuna mtu wa kumwamuru. Hakuwepo. Akawasha trekta.

Tela likaenda kuelekea majani, likiyumba. Mtukufu alishika ukingo wa jukwaa kwa kiwiko na kuendelea kusoma. Nakumbuka alikuwa ameruka samaki na barabara. "Tuna maadui wa ndani," alisema, "na maadui wa..." Hapo waya wa kipaza sauti ukakatika, na vipaza sauti vyote vikazimika.

Kwa hiyo tulipousikia mlio wa injini ukikohoa, ulikuwa mlio wa kweli kutoka angani. Ukakohoa tena, ukazimika. Ndege ilikuwa bado juu ya miti.

Yaliyosemwa ndani wakati ule Kheri aliyasimulia baadaye. Sikudhani alimwambia, "Toa mikono kwenye usukani. Iweke mapajani." Akaiweka. Alisikia upepo tu, ukipiga kioo. Aliiona miti ikija, akaiona ikipita chini yao, karibu mno, kisha lami ikatokea na viti vya plastiki vimezagaa juu yake. Akafumba macho. Magurudumu yakagonga, ndege ikaruka kidogo, ikagonga tena. Bawa moja lilisomba viti vikatawanyika kama kuku. Breki zilipiga kelele kwa muda mrefu, mpaka akafikiri hazitaacha.

Zikaacha.

"Tumefika?" Kheri aliuliza, macho bado amefumba.

"Tumefika," Sikudhani alisema. Akafungua mikanda yake.

*

Kapteni Kamanzi alikamatwa kabla moshi wa breki haujaisha. Meja Sikudhani alikamatwa aliposhuka ngazi. Taarifa ya habari ilieleza kwamba Luteni Kheri, kwa ushujaa wa kurithi, aliitua ndege peke yake baada ya mkufunzi wake kuzimia.

Baraza la Uchunguzi lilikaa chini ya Jenerali Ngwandumi. Mashtaka ya Sikudhani yalikuwa kutua kabla ya hotuba kwisha. Ya Kamanzi yalikuwa kutumia vipaza sauti vya Mtukufu bila kibali. Lakini Jenerali alikuwa mtu wa huruma, na aliweka mlango wazi. Iwapo Luteni angethibitisha kwamba aliyetua ni yeye, basi kosa lingegeuka ushujaa, kwa sababu mtoto wa Mtukufu hawezi kumkatiza Mtukufu. Washtakiwa wangeachiwa. Luteni angepandishwa cheo awe mkuu wa mafunzo wa kikosi, badala ya Meja.

Asubuhi ya ushahidi Kheri alimkuta Sikudhani kwenye benchi la ukumbini, kati ya askari wawili.

"Nitasema ni mimi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nimeshaamua. Mtatoka leo wewe na Kapteni."

"Na wewe utapewa wanafunzi wangu."

"Nitawatunza, afande."

"Siku ndege ya pili ikipona, wataambiwa warushe. Wewe utakuwa umekaa nyuma yao. Utawaambia nini?"

Kheri aliigusa beji yake ya mabawa kifuani.

"Niliwekwa mle ndani pamoja na mtu asiyejua kurusha, kwa sababu waliokuwa juu hawakutaka kujua," Sikudhani alisema. "Usiongeze mwingine. Kamanzi nimezungumza naye. Anasema hivyo hivyo."

"Watawafunga."

"Huenda. Huko ndani tutakuwa wawili. Wale ni darasa zima."

Askari mmoja alikohoa, mlango ukafunguliwa, Kheri akaitwa.

Jenerali alimsomea swali lenyewe pamoja na jibu lake, ili kuokoa muda. Mtukufu alikuwa ameketi pembeni, mkono kidevuni. Kheri alisimama wima mbele yetu sote tuliokuwa mle.

"Sikuitua mimi," alisema. "Aliyeitua ni Meja Mwaluko. Mikono yangu ilikuwa mapajani na macho nilikuwa nimefumba. Sijawahi kurusha ndege hata siku moja. Swichi, mimi ndiye niliyesema ibonyezwe."

Akamtazama baba yake. Baba yake akatazama dirisha.

Wazee wa baraza walitoka kwenda kula, wakala kwa muda mrefu sana. Tatizo lao halikuwa dogo. Kama Luteni hakuwa rubani, cheti chake kilikuwa cha uongo, na kwenye cheti kulikuwa na saini ya Jenerali, na juu ya saini ya Jenerali ilikuwapo nyingine. Waliporudi, Jenerali alikuwa na uso wa mtu aliyeona mwanga. Akasoma uamuzi.

Kwa mujibu wa amri ya sherehe, rubani wa siku ile alikuwa Luteni Kheri. Luteni Kheri amethibitisha kwamba hakurusha ndege. Kwa hiyo ndege haikurushwa. Ndege ambayo haikurushwa haiwezi kutua, iwe kabla ya hotuba au baada yake. Hotuba, kwa kuwa haikukatizwa na chochote, ilikuwa imekwisha kwa ukamilifu. Wananchi waliodhani wameona ndege walishauriwa wavae kofia wakikaa juani.

Hivyo ndivyo washtakiwa walivyoachiwa. Kamanzi alihamishiwa kikosi cha wanamaji, katika wilaya isiyo na ziwa, na wanasema aliondoka akicheka mpaka akalazimika kuegemea gari. Jenerali alipewa nishani kwa kuzuia ajali. Sikudhani alirudishwa kambini, na ombi lake la mafuta likakataliwa, kwa kuwa ndege ambayo haikuruka lazima iwe na mafuta yake bado. Kheri alinyang'anywa beji ya mabawa kwa kosa la kutojua kurusha. Katika mashtaka yote ya siku ile, hilo tu ndilo lililokuwa na ukweli.

*

Jumatatu iliyofuata Kheri alikuja kambini amevaa ovaroli ya mwanafunzi. Alimkuta Sikudhani kwenye njia ya kurukia, ameinama, anaokota kitu.

"Afande, naomba kuanza."

"Kuanza nini?"

"Mwanzo."

Meja akampa gunia tupu. "Tembea na njia hii mpaka mwisho. Okota kila kisicho lami. Misumari ya jukwaa, vizibo vya soda, vipande vya viti. Jeti inavuta kila kitu, na msumari mmoja unatosha kuiua injini."

"Lakini mafuta hatuna."

"Siku tutakayoyapata nataka njia iwe safi."

Kheri akatembea. Jua lilikuwa kali na gunia likawa zito. Karibu na uzio aliokota kandambili moja ya mwanamke. Alipoinuka alimwona mama mmoja amesimama upande wa pili wa waya, ananyoosha mkono.

"Hiyo ni yangu, mwanangu. Niliiacha tulipokimbia."

Kheri aliipitisha chini ya waya. Mama akaipangusa kwa kanga, akaivaa.

"Redio inasema hamkuruka," mama alisema.

Kheri aligeuka akatazama majengo ya kambi, kisha akamtazama yule mama. "Tuliruka, mama. Yule pale aliyeinama ndiye aliyetushusha."

Mama aliweka kiganja juu ya macho akamtazama Sikudhani, mbali kule kwenye lami.

"Basi mwambie tunashukuru," alisema, "kwa kutusubiri tukatoka."

Kheri akaliweka gunia chini, akaenda kumwambia.